Bodi ya kwanza ya DSP: namna ya kuichagua ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mwanafunzi wa elektroniki pale Iyunga, fundi wa muziki wa Mwanjelwa anayefunga spika za makanisa, kijana wa Makambako anayetaka kujua kwa nini mota ya mashine ya kusaga inaunguruma vibaya: wote wana swali moja. Ninunue bodi gani nijifunze DSP, yaani kuchakata ishara kwa namba? Na karibu wote huanza kwa kuulizia megahezi. Kununua bodi kwa megahezi ni kununua Fuso kwa honi yake. Bodi nyingi zinazoishia kwenye droo zina prosesa nzuri tu. Kilichokosekana ni njia ya kuingizia ishara na njia ya kuitolea. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Taja ishara yako

Chukua daftari uandike sentensi moja. "Nataka kuondoa mngurumo kwenye maikrofoni za kwaya." "Nataka kupima mtetemo wa mota." "Nataka kutengeneza inveta ya sola." Ukiandika "nataka kujifunza DSP" na kuishia hapo, hujamaliza. Rudi uandike tena.

Sentensi hiyo ndiyo itakayokupa kasi ya sampuli, maana yake bodi iipime ishara mara ngapi kwa sekunde. Kasi hiyo lazima izidi mara mbili ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz) ya juu kabisa yaliyomo kwenye ishara. Simu ya kawaida hubeba sauti ya mtu kati ya 300 na 3400 Hz, ndiyo maana sampuli 8000 kwa sekunde ziliitosha. CD ya muziki inatumia 44,100, na vifaa vingi vya sauti vya leo vinatumia 48,000. Umeme wa TANESCO ni 50 Hz, lakini ukitaka kuona uchafu wake hadi wimbi la 40, yaani masafa mara 40 ya 50 Hz, unafika 2000 Hz, basi anza na sampuli 5000 au zaidi. Mota inayozunguka mara 1500 kwa dakika inazunguka mara 25 tu kwa sekunde, ila beringi mbovu hulia juu zaidi ya hapo, hata kwenye maelfu ya Hz. Redio ya FM iko kati ya 88 na 108 MHz. Hiyo usitarajie kuipima moja kwa moja kwa bodi ya kujifunzia. Ina njia yake, nitaifikia.

Hatua ya 2: Fanya kazi nzima kwenye kompyuta kwanza

Usinunue kitu bado. GNU Octave, programu ya hesabu, ni bure, lugha ya Python pamoja na maktaba zake za NumPy na SciPy ni bure, Audacity ya kurekodi na kuchunguza sauti ni bure. Vipakue vyote siku moja mahali penye intaneti ya uhakika, pamoja na maelezo yake, na baada ya hapo utafanya kazi bila kununua bando.

Kisha rekodi ishara yenyewe. Kama ni mngurumo wa spika, usishike simu mkononi mbele ya spika. Maikrofoni ya simu mara nyingi hukata sauti za chini, na simu nyingine huisafisha sauti kabla ya kuihifadhi, kwa hiyo utakuwa unachunguza kazi ya simu. Toa waya kwenye miksa, kwenye tundu la kutolea sauti ya kurekodia, uingize kwenye kompyuta au kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB. Anza sauti ikiwa chini kabisa. Hifadhi faili kama WAV, lifungue kwenye Audacity, kisha tazama spektra, yaani mchoro unaoonyesha nguvu ya kila masafa.

Hapa ndipo unapoweza kuokoa pesa. Kilele kikiwa kwenye 50 Hz, umeme unaingia kupitia ethi au kupitia waya wa maikrofoni ambao ngao yake imekatika. Kikiwa kwenye 100 Hz, na vingine kwenye 200 na 300, shuku sehemu ya umeme ndani ya amplifaya: daraja la dayodi hugeuza 50 kuwa 100, na kapasita kubwa zilizochoka haziwezi tena kuulainisha. Hiyo si kazi ya DSP hata kidogo. Mpe fundi abadilishe kapasita, na usizishike mwenyewe kama hujui kuzimaliza chaji.

Mngurumo ukiwa ni wa kuchujwa kweli, tengeneza kichujio kwenye Octave, pitisha faili ndani yake, sikiliza. Kikikubali kwenye faili, sasa unayo sababu ya kununua bodi: unataka kifanye hivyohivyo papo hapo, kwaya ikiwa inaimba.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mizunguko, kisha iache

Gawanya kasi ya prosesa kwa kasi ya sampuli. STM32F407, chipu iliyo kwenye STM32F4 Discovery, inakwenda 168 MHz; kwa sampuli 48,000 unabaki na mizunguko 3500 kwa kila sampuli. Kichujio cha FIR, kinachozidisha kila sampuli ya karibuni kwa kizidishi chake na kujumlisha, chenye vizidishi 100 kinataka kuzidisha na kujumlisha mara 100, tuseme mizunguko mia kadhaa ukiongeza na kazi ya kuchota data kwenye kumbukumbu. Nafasi inabaki tele. ESP32 ya 240 MHz inakupa mizunguko 5000. Teensy 4.1 ya 600 MHz inakupa 12,500. Kwa anayeanza, hakuna kati ya hizi itakayomkwamisha kwa kasi.

Arduino Uno ya kawaida (R3) ndiyo itakukwamisha. Ina 16 MHz, kumbukumbu ya KB 2 na kipimo (ADC, kinachogeuza volti kuwa namba) cha biti 10. FFT, hesabu inayotoa spektra, ya pointi 1024 kwa desimali za biti 32, sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, inahitaji KB 8. Haiingii. Uno iache iendelee kuwasha taa na pampu za bustani.

Jambo moja zaidi la ndani ya chipu linastahili muda wako: je, ina kitengo cha kukokotoa desimali? Raspberry Pi Pico ya kwanza, yenye RP2040, haina. Pico 2 iliyotoka 2024 na RP2350 yake, inacho. ESP32 ya asili na ESP32-S3 zinacho, ESP32-S2 na ESP32-C3 hazina, na dukani zote nne zinaweza kuitwa "ESP32" tu. Soma herufi zilizochapwa juu ya bati la chipu kabla hujatoa pesa.

Kwa nini nasisitiza? Bila kitengo hicho, programu ya desimali inakwenda taratibu, na mara nyingi utahamia kwenye namba nzima za biti 16. Chukua kichujio cha kukata 50 Hz kwa sampuli 48,000. Kizidishi chake muhimu ni mara mbili ya kosaini ya pembe inayolingana na 50 Hz, yaani 1.999957. Ukiweka biti 14 kwa ajili ya sehemu ya desimali, namba zinaruka kwa hatua za 0.000061, na iliyo karibu kuliko zote ni 1.999939. Irudishe kwenye masafa: karibu 60 Hz! Umetengeneza kichujio cha umeme wa Marekani, na mngurumo wa Mbeya umeachwa palepale ulipokuwa. Shusha sampuli hadi 8000 kwa sekunde na kichujio hichohicho cha biti 16 kinarudi kwenye 49.7 Hz. Kwa desimali za biti 32, hata ukibaki kwenye 48,000, kosa hilo halifiki sehemu ya kumi ya Hz. Kujifunza namba nzima kuna faida yake, viwandani bado zinatumika sana, lakini mwezi wa kwanza usijitafutie adui wa pili.

Hatua ya 4: Kagua mlango wa kuingilia na wa kutokea

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo.

Pini ya kupimia ya bodi nyingi hupokea volti 0 hadi 3.3. Sauti hupanda na kushuka pande zote mbili za sifuri. Ukichomeka waya wa sauti moja kwa moja, nusu ya chini ya wimbi inakatwa, na ishara ikiwa kubwa pini yenyewe inaweza kufa. Dawa yake ni rahisi: rezista mbili zinazolingana kati ya 3.3 na ethi ili kuinua kiwango hadi volti 1.65, na kapasita moja ya kuingizia. Lakini bado hujamaliza. Lazima kuwe na kichujio cha analogia mbele ya kipimo, cha kuzuia masafa yanayozidi nusu ya kasi ya sampuli. Ukipima mara 8000 kwa sekunde na mlio wa 5000 Hz ukaingia, utauona kama mlio wa 3000 Hz. Ukishaingia hivyo, hakuna programu inayoweza kuutenganisha na mlio halisi wa 3000.

Kodeki ya sauti inakufanyia yote hayo. Ni chipu yenye kipimo cha kuingizia, kigeuzi cha kutolea na vichujio vyake, mara nyingi kwa biti 16 hadi 24, na huzungumza na prosesa kwa I2S, njia ya waya chache ya kupitishia sauti ya kidijitali. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa na kelele, kwa hiyo biti 16 ni kama desibeli 96 na biti 12 ni kama 72, tena hizo 12 kwenye karatasi. Kipimo cha ndani cha ESP32 kinaandikwa biti 12, lakini kina kelele na mstari wake umepinda. Kwa betri na unyevu wa udongo kinafaa. Kwa sauti, achana nacho.

Sasa mitego. STM32F4 Discovery ina tundu la jeki na maikrofoni ndogo ya kidijitali, na picha yake humfanya mtu aamini kwamba ataingiza gitaa hapo. Tundu lile ni la kutolea tu. CS43L22 iliyo nyuma yake haina mlango wa kuingilia kupitia kipimo cha analogia hadi kwenye prosesa. Maikrofoni yake nayo hutoa mkondo wa biti mojamoja unaohitaji kuchujwa na kupunguzwa kabla haujawa sampuli za kawaida, na hilo ni somo la mwezi wa tatu. Mlango wa kuingizia na kutolea kwa waya unaupata kwenye kadi ya sauti ya Teensy, yenye kodeki ya SGTL5000, au kwenye fimbo ya eZdsp yenye chipu ya C5515 ya Texas Instruments, yenye kodeki ya AIC3204.

Kwa ESP32 unaunganisha mwenyewe: INMP441 ni maikrofoni inayotoa I2S moja kwa moja, PCM5102 inatoa sauti kwenda hedifoni za kujikuza zenyewe au amplifaya, MAX98357A inasukuma spika ndogo. Ukitaka kuingiza waya kutoka kwenye miksa, tafuta PCM1808. Hiyo inahitaji pia saa kuu, yaani mapigo ya kuongozea upimaji, na kwenye ESP32 ya asili unaweza kuitoa kwenye pini ya GPIO0.

Na umeme wa ukutani usikaribie bodi kamwe. Ukitaka kupima mawimbi ya 230 V, tumia transfoma ndogo ya kushushia au moduli ya ZMPT101B, na upande wa 230 ufungwe na mtu wa umeme, ndani ya boksi.

Hatua ya 5: Linganisha bodi na sentensi yako

Kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba anayetaka sauti, jibu langu ni ESP32 ya asili au S3, INMP441 moja na PCM5102 moja. Ni kati ya njia nafuu zaidi, Espressif wenyewe wanatoa maktaba ya bure ya ESP-DSP yenye FFT na vichujio, na kitu kikiungua unabadilisha kipande kimoja. Ubaya wake ni waya nyingi: nusu ya matatizo yako ya mwanzo yatakuwa waya uliolegea.

Mwenye uwezo zaidi, hasa fundi wa muziki, achukue Teensy 4.1 na kadi yake ya sauti. Kadi za toleo D ndizo za Teensy 4. Toleo C na yaliyotangulia ni ya Teensy 3, na pini haziendani, kwa hiyo uliza herufi. Maktaba yake ya sauti hukuwezesha kuchora mtiririko kwa vipande, maikrofoni kwenda kichujio kwenda spika, na inakuandikia msimbo. Mara nyingi utalazimika kulehemu pini kwa risasi. Kama mkono wako hautulii, mpelekee fundi simu.

Anayelenga kazi ya uhandisi ajifunze STM32. Bodi za Nucleo na Discovery zina ST-LINK juu yake, ikimaanisha unasimamisha programu katikati na kusoma kila namba bila kununua kifaa kingine. STM32CubeIDE ni bure, na maktaba ya CMSIS-DSP ya Arm pia. STM32F746G-DISCO ndiyo ninayoipenda kwenye kundi hili: 216 MHz, kioo cha inchi 4.3, na kodeki ya WM8994 yenye kuingiza na kutoa kwa waya. Tofautisha hizi na ile bodi ndogo ya buluu yenye STM32F103. Haina kitengo cha desimali, na nyingi sokoni zimebeba chipu ya kuiga.

Inveta, sola na mota ni eneo la C2000 ya Texas Instruments. LaunchPad ya F28379D ina viini viwili vya 200 MHz na vipimo vya biti 16, na vipima muda vya kuendesha transista vilivyoundwa kwa kazi hiyo. Kwa muziki haikufai.

Kuna na ADAU1701 ya Analog Devices, milango miwili ya kuingia na minne ya kutoka. Kwa anayegawanya sauti kati ya besi na twita ni raha: unapanga vipande kwenye SigmaStudio, kwenye Windows, na sauti inabadilika. Lakini hutaandika msimbo, na utahitaji kifaa cha kupakilia programu. Ni chombo cha kazi zaidi ya darasa.

Redio? Fimbo ya RTL-SDR, biti 8, sampuli milioni 2.4 hivi kwa sekunde, na hesabu zote zinafanyika kwenye kompyuta kwa GNU Radio. Inapokea tu. Kurusha ni suala la kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mtu anaweza kukuletea DSK (bodi ya kujifunzia) ya zamani ya TMS320C6713, 225 MHz, iliyotoka maabara ya chuo. Ina historia nzuri na vitabu vingi vya maabara, ila programu yake ni ya enzi za Windows XP. Ikiwa ya bure pamoja na kompyuta yake, ichukue. Ikiwa ya kuuzwa, msalimie na uendelee na safari.

Hatua ya 6: Nunua ukijua uko wapi

Kitu kikikosekana Mbeya mjini, kwa kawaida kitatoka Dar es Salaam na kusafiri kwenye basi zaidi ya kilomita 800. Kurudisha kibovu ni safari hiyohiyo, kwa hiyo maswali yaulizwe kabla. Mwombe muuzaji picha ya bodi yenyewe, pande zote mbili, herufi za chipu zikisomeka: "Kaka, naomba unipigie picha hiyohiyo uliyoishika, siyo ya mtandaoni." Anayeagiza nje ya nchi ahesabu na ushuru na VAT kabla ya kulinganisha bei.

Vipande vya bei ndogo nunua viwiliviwili. Ongeza waya za kuchomekea, jeki za milimita 3.5, rezista, kapasita na waya wa USB unaopitisha data. Huo wa mwisho ni muhimu kuliko unavyofikiri, maana waya nyingi zilizolala nyumbani ni za kuchajia tu, na bodi isiyo na kosa husemwa ni mbovu kumbe ni waya. Kama bodi inatumia CH340 au CP2102 kuzungumza na kompyuta, pakua draiva yake ungali mjini.

Hali ya hewa yetu nayo ina sehemu yake. Juni na Julai, baridi kavu na sweta la sufu, mwili unabeba umemetuli. Gusa bomba au chuma kilichoshika ardhi kabla ya kugusa bodi. Msimu wa mvua, radi za Rungwe na Uyole hazina mzaha: wingu likianza kunguruma chomoa chaja na uendelee kwa betri.

Hatua ya 7: Jaribio la siku ya kwanza

Fuata mpangilio huu na usiruke. Washa taa ya bodi kwa programu. Hapo unajua waya, draiva na programu vinaelewana. Toa mlio wa 1000 Hz uusikie. Mlango wa kutokea ni mzima. Pitisha sauti kutoka kuingia hadi kutoka bila kuigusa. Mlango wa kuingilia ni mzima. Ukisikia mngurumo hapa, chomoa chaja ya kompyuta. Ukikoma, ulikuwa unazunguka kupitia ethi ya chaja, na bodi haina kosa.

Pima kuchelewa. Maktaba ya Teensy huchakata sampuli 128 kwa mkupuo, karibu milisekunde 2.9, na sauti itapita mikupuo kadhaa kabla ya kutoka. Kila milisekunde ni kama sentimita 34 za hewa, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusogeza spika mita tatu na nusu nyuma, mwimbaji hatalalamika. Zikifika 50 atachanganyikiwa na sauti yake mwenyewe.

Ndipo uweke kichujio chako cha 50 Hz kilekile ulichokijaribu kwenye Octave. Rekodi kinachotoka, linganisha faili mbili kwenye spektra. Zikitofautiana, kagua kwanza kasi halisi ya sampuli ya bodi: ukiandika 48,000 kwenye hesabu na bodi ikawa inakimbia 44,100, kichujio kitakaa kwenye 46 Hz.